Chupa Sita za Eng'omo

Nakwamekwi,
Lodwar.
Jumapili ya Pentekoste, 8 Juni 2025

Mpendwa Rael, dada yangu,

Imetimia miaka thelathini na mitatu na miezi mitatu tangu tuagane pale njia panda ya Endebess, wewe ukiwa na cherehani ya mama kichwani, mimi nikiwa na mfuko mmoja wa nguo. Nilihesabu asubuhi hii kanisani, wakati mchungaji alipokuwa akisoma matangazo. Mungu atanisamehe. Matangazo yalikuwa marefu.

Mulembe. Hujambo wewe? Goti je? Umesema la kushoto limevimba tena. Usilikande kwa maji moto likiwa limevimba, tumia kitambaa cha maji baridi, kisha nenda ukaonwe na mtu aliyesomea. Nimestaafu lakini mdomo wangu wa zahanati haujastaafu. Na mahindi je, yamefika kiunoni? Na yule ng'ombe mwenye baka jeupe aliyekuwa akikusumbua kukamuliwa, amezoea mkono wako?

Sisi huku tuko salama. Wifi yako Atabo ni mzima, na bado kila asubuhi, kabla ya salamu, ananiuliza kama nimekunywa maji, kwa maana anaamini watu wa milimani hukauka bila wenyewe kujua. Mwezi wa pili nilitolewa mtoto wa jicho katika jicho la kushoto, na sasa nasoma tena bila kuazima macho ya mtu. Nimerudia vitabu vitatu nilivyokuwa nimeviacha. Kimoja nimegundua kwamba sikukipenda hata mara ya kwanza.

Barua yako ilifika Jumanne ndani ya mfuko wa unga wa wimbi, na karatasi yenyewe ikawa inanukia wimbi. Nakushukuru kwa vyote viwili. Uji tumeunywa siku nne. Barua nimeisoma mara zisizopungua hizo.

Picha ya Levis na Chepchumba tumeiweka juu ya redio, mahali pa heshima. Atabo anasema mwanao amepata bahati, kwa sababu msichana ana macho ya mtu asiyedanganyika. Nami nakiri kwako jambo moja: niliposoma jina la ukoo wa msichana, nilikaa na ile picha peke yangu kidogo kabla ya kumwonyesha Atabo. Unajua sababu. Mwaka ule tuliokimbia, watu wa baba yake na watu wetu hawakuwa wakinywea kikombe kimoja. Kisha nikafika pale ulipoandika kwamba mama yake Chepchumba ndiye aliyekupandia mahindi msimu uliopita, goti lilipokulaza, akaja na jembe lake mwenyewe siku tatu mfululizo. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mama huyo. Mfikishie salamu zangu, hata kama hajui mimi ni nani.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, jinsi mama alivyotengeneza sirapu ya forosadi, ili wageni wa harusi waionje. La pili uliliandika pembeni mwa karatasi kwa herufi ndogo, kama mtu anayebisha hodi huku akiomba asisikike: kama nitarudi, na lini. Nitajibu yote mawili, kwa mpangilio wako.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika kusikia kwamba mforosadi mmoja umechipua. Nilidhani visiki vyote vitatu viling'olewa. Nawe unaniambia kama habari ya kando kwamba shina la nyuma ya jiko limetoa matawi manne, na kwamba watoto wa jirani wanatembea na midomo ya zambarau.

Umesema ulijaribu kuipika sirapu ikawa gundi, ukalaumu sukari ya siku hizi. Sukari haina kosa. Ulichemsha nyama ya tunda pamoja na maji yake, tena kwa muda mrefu, kwa sababu unamkumbuka mama akiwa jikoni mchana kutwa. Alikuwa jikoni mchana kutwa, ni kweli, lakini sufuria haikuwa motoni mchana kutwa. Wewe ulikuwa mdogo, ulitumwa nje kufukuza kuku. Mimi ndiye niliyeshika kitambaa.

Fanya hivi. Chuma asubuhi umande ukishakauka, na uchume yale meusi tu, yanayoachia tawi ukiyagusa. Mekundu bado yana uchachu, waachie watoto. Kata vikonyo kwa mkasi, kazi hii umpe mtu mwenye subira. Yaponde kwa mkono ndani ya sufuria, na kwa kila kilo ya matunda utie nusu kikombe cha maji. Weka kwenye moto mdogo, usiondoke, mpaka yalainike na kutoa maji yake yote. Dakika kumi na tano zinatosha. Kisha mimina katika kitambaa cheupe kilichooshwa bila sabuni, funga, ning'iniza juu ya beseni, uache. Hapo ndipo mchana wa mama ulipokwenda. Usikamue, Rael. Mimi nilikamua mara moja nilipoona hayadondoki tena, na unaikumbuka mikono ya mama. Ukikamua, maji yanakuwa na tope, na sirapu haing'ai.

Maji yaliyodondoka uyapime kwa kikombe. Kila kikombe kimoja kipate robo tatu ya kikombe cha sukari, na kwa sufuria nzima utie maji ya limau moja. Sasa ndipo uchemshe, dakika kumi hivi, huku ukiengua povu kwa kijiko cha mti. Povu usilimwage, lipake kwenye mandazi. Dondosha tone kwenye sahani baridi: likitembea kama wewe na hilo goti, iko tayari. Chupa ziwe zimechemshwa, na sirapu iingie ikiwa moto.

Kwa kinywaji, sehemu moja ya sirapu kwa tano za maji baridi. Iliyobaki waimwagie kwenye chapati za maji, au kwenye kaimati kama kuna anayejua kuzikaanga. Watu wa pwani huita kitu hiki shira, na mimi kwa sababu ya vitabu nimezoea kuiita hivyo, ila nikiionja ulimi unasema sirapu. Na kwa ajili ya ukweni kwa Levis, tia kijiko kimoja ndani ya gilasi ya maziwa mala, usikoroge sana, iache michirizi. Hiyo mama hakuifanya. Nimeibuni mimi mwenyewe, huku.

Sasa kuhusu chupa sita utakazozipokea na barua hii. Usizifungue ukitarajia forosadi. Hizo ni za eng'omo, kichaka cha huku kisichozidi kimo chako, chenye matunda madogo ya rangi ya chungwa, mawili au matatu yameshikana kama shanga. Nyama ni nyembamba, karibu yote ni kokwa. Utamu wake unakaribia tende, ukiwa na ukali kidogo wa ukwaju nyuma yake. Nimezitia kwenye chupa za kahawia za dawa nilizobaki nazo kutoka kazini, nikabandika karatasi za maelezo kama nilivyozoea. Shiko, dada mmoja wa Nyahururu anayepokea mizigo ya basi hapa Lodwar, alisoma karatasi akaniuliza kwa uso mkavu kabisa, "Kijiko kimoja mara tatu, mzee?" Nikamwambia baada ya chakula. Amezifunga vizuri kwa maboksi na matambara. Wageni wasije wakadhani harusi ina kikohozi.

Nataka nikueleze eng'omo hizo zilikotoka. Sijawahi kukuambia, si kwa simu wala kwa barua, kwa sababu niliona haya. Lakini nikikujibu swali la pili bila kukueleza hili, utadhani nimekasirika, na sivyo.

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka wa 1993. Nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja na ushei Kakuma, natoa dawa katika zahanati ndogo ya mjini. Mvua ilinyesha siku nne, ikakoma. Jumamosi moja nilitembea kando ya mto, ambao kwa huku ni mchanga karibu mwaka mzima, nikaona vichaka vinne vya eng'omo vimejaa matunda mpaka matawi yameinama. Hapakuwa na ua, wala waya, wala mtu. Rael, wewe na mimi ni watoto wa Trans Nzoia. Kwetu kitu cha mtu kina ua. Nikasema Mungu ameniona. Nilikuwa na hamu ya kitu kitamu kilichotoka mtini, si kwenye pakiti.

Nilichuma beseni zima. Kisha nikafanya jambo nililoliona kuwa la hisani. Unakumbuka baba alivyokuwa akiipunguza miforosadi kila baada ya mavuno, akikata matawi usawa wa kifua, na msimu uliofuata ikazaa maradufu? Basi nilivikata vile vichaka vyote vinne kwa panga, kwa mpangilio, kila tawi kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame kwenye jeraha, kama alivyotufundisha. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatatu, kwenye foleni ya wagonjwa, alikuwepo mama mmoja mwembamba aliyevaa shanga mpaka kidevuni. Jina lake Akeno. Alikuja na mwanawe Nangiro, mtu mzima wa umri wa kukaribia wangu, ambaye aliwahi kuchunga ng'ombe wa watu kule kwetu Kitale na hivyo alikuwa na Kiswahili cha kutosha. Mama huyo hakuruka foleni. Alingoja watu kumi na moja mbele yake. Zamu yake ilipofika nikamuuliza anaumwa wapi, naye akalaza tawi la eng'omo, lililokwisha kunyauka, juu ya daftari langu la wagonjwa.

"Mimi hapana mgonjwa, daktari," alisema. "Mti ndio mgonjwa. Ulikata wewe."

Sikuwa daktari, lakini huku kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Foleni ilicheka. Mzee mmoja kule nyuma alisema niuandikie sindano. Mimi nikaanza kujieleza kupitia kwa Nangiro: kwamba sikuona ua wowote, kwamba nilichofanya ni kupunguza tu, kwamba mwakani vichaka vitazaa zaidi na mama atanishukuru.

Nangiro alitafsiri kwa uaminifu, halafu akanigeukia kwa upole akanielewesha. Sehemu ile ya ukingo wa mto ni ekwar ya mama yake. Kila familia ina yake. Mtu yeyote anaweza kupita, akapumzika kivulini, mnyama wake akanywa, lakini tunda na kijiti ni vya mwenye ekwar, na asiye wake huomba. Haina ua kwa sababu kila mtu anajua. Akaongeza kwamba kichaka kikikatwa huku hakizai maradufu. Machipukizi yake huliwa na mbuzi kabla hayajafika urefu wa kidole, mwaka huu na mwaka ujao, mpaka mzizi unachoka. Baba alikata mti katika nchi ya mvua za miezi saba. Mimi nilikata katika nchi ya mvua za siku nne.

Akeno alisema jambo refu kidogo. Nangiro alisita kulitafsiri, akatazama chini.

"Anauliza," alisema, "kwenu ulizaliwa mahali hakuna watu?"

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikajikuta namweleza, mbele ya foleni yote, mambo ambayo sikuwa nimemweleza hata mchungaji. Nilimwambia juu ya nyumba yangu iliyochomwa. Nilimwambia kwamba asubuhi tuliporudi kutazama tuliikuta miforosadi mitatu imelala chini, na kwamba aliyeikata hakuwa na haja nayo, hakuchukua hata kuni. Nilimwambia kwamba hati ya shamba ya baba ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, kwamba tulikimbia na kopo hilo, na kwamba halikumzuia mtu. Nangiro alitafsiri vipande vipande. Nilipomaliza hakuna aliyekuwa akikohoa, na ile ilikuwa foleni ya vifua.

Akeno aliliokota lile tawi kutoka juu ya daftari langu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila kumngoja mwanawe:

"Kumbe unajua."

Hakuna aliyewahi kunihukumu kwa maneno machache kuliko hayo. Nilikuwa nimemfanyia mtu nilichofanyiwa, kwa panga vilevile, tena kwa mkono mtulivu zaidi.

Nilitegemea kutozwa mbuzi, na nilikuwa tayari. Alikataa, akasema mbuzi ndio hasa watakaoimalizia kazi yangu. Alichotaka ni kwamba nikate miiba kwa mikono yangu, nizungushie vichaka vyote vinne, na nivipelekee maji kila jioni baada ya kazi mpaka vishike. Nilifanya hivyo misimu miwili ya kiangazi. Maji niliyapata kwenye yale ya kuoshea vyombo vya zahanati. Watu walikuja kutazama daktari akimwagilia kichaka cha porini, na kulikuwa na maneno mengi, ila mengi sikuyaelewa kwa wakati ule, na Nangiro alikuwa na adabu ya kutonitafsiria.

Katika jioni hizo Akeno alinipitisha ukingo mzima wa sehemu yake. Inaanzia kwenye mti fulani ulioinama na kuishia kwenye jiwe jeupe, pale mto unapopinda. Nilitoa daftari niandike mipaka. Alicheka mpaka akajishika kiuno. Alisema niandike tu, mchwa nao wanajua kusoma. Akanilazimisha nimtajie kwa mdomo, mti baada ya mti, kama mtoto anayesoma katekisimu, na nilipokosea tulirudi mwanzo. Mpaka leo naweza kukutajia.

Kichaka kimoja kilikufa. Vitatu vilichipua, na mwaka wa nne vikazaa. Siku hiyo Akeno alinijazia beseni lile lile nililoibia, kwa mkono wake. Nilikwenda nyumbani nikayachemsha matunda kama mama alivyochemsha forosadi, na nikapata uji wa rangi ya udongo. Nyaruach, mama kutoka Sudan Kusini aliyekuwa akitutafsiria zahanatini, aliutazama ule uji kwa huruma. Alisema kwao tunda hili huliwa na mama aliyejifungua, ili damu irudi, na hakuna mtu kwao ambaye hulianzia motoni. Akanifundisha kuliloweka katika maji baridi tangu jioni mpaka asubuhi, kulisugua polepole kati ya viganja mpaka kokwa zibaki safi, kulichuja, na baada ya hapo ndipo moto na sukari na ndimu. Ndivyo nilivyofanya na hizo ulizonazo. Kwa hiyo, ukiionja, ujue kuna mikono mitatu ndani yake: wa mama kwenye kitambaa, wa Nyaruach kwenye maji, na wa Akeno kwenye tunda. Wangu ni wa kuoshea chupa.

Tangu mwaka huo sijakosa msimu. Hata nilipohamishiwa Lodwar mwaka wa 2001, nikaoana na Atabo, nimekuwa nikipanda gari kwenda Kakuma matunda yakiiva. Chupa ya kwanza ilikuwa ya Akeno. Hakuichanganya na maji, aliinywa kwa kifuniko, kifuniko kimoja kwa siku, akisema hiyo ndiyo dawa pekee niliyowahi kumpa ikafanya kazi.

Mwaka wa 2011, ule wa ukame, Akeno aliugua ugonjwa uliomwondoa. Nangiro alinipigia nikaenda. Alikuwa amewaita wanawe wote watatu. Aliwaambia, na mimi nikiwa nimesimama pale, kwamba kutoka kwenye mti ulioinama hadi kwenye jiwe jeupe, daktari achume bila kuomba. Ndilo lililokuwa jambo lote. Hakuna mahali palipoandikwa, hakuna sahihi, hakuna kopo la chai. Sasa ni miaka kumi na minne na wanawe hawajawahi kuniuliza ninafanya nini pale. Mwezi uliopita Nangiro alipiga simu, tukasalimiana "ejok" kama kawaida, kisha akaniambia niharakishe kwa sababu ndege wanamaliza matunda yangu. Hivyo ndivyo alivyosema, matunda yangu. Kesho yake nilipanda gari kwenda Kakuma.

Sasa swali lako la pili.

Umeandika kwamba mpimaji atakuja mwezi wa saba kuweka mawe ya mipaka, na kwamba sehemu yangu iko kama nilivyoiacha. Umeandika, kana kwamba si kitu, kwamba kila msimu trekta linapokuja unakwenda kusimama kwenye mawe ya msingi wa nyumba yangu ili dereva azunguke. Rael, ulirudi pale mwaka wa 1997. Hiyo ni misimu ishirini na minane ya kusimama mbele ya trekta, na mingine umesimama na goti bovu. Sikujua. Nilidhani mlishapalima zamani. Nilikuwa nikiwaza hivyo bila uchungu, na huku wewe ulikuwa umesimama pale.

Sina neno la shukrani linalofikia urefu huo. Nimelitafuta wiki nzima kwenye vitabu vyangu na sijalipata. Pokea hili: mambo mawili nimetendewa maishani mwangu ambayo sikuyastahili. Mgeni alinipa mahali pasipokuwa pangu, na dada yangu alinilindia mahali palipokuwa pangu. Kila usiku kabla sijalala namshukuru Mungu kwa la kwanza. Kuanzia Jumanne namshukuru kwa yote mawili.

Lakini nimesoma pia ile sentensi nyingine, unayodhani sikuiona. Umesema Levis na Chepchumba watapanga chumba Endebess baada ya harusi "kwa sababu hapa nyumbani nafasi imekuwa ndogo." Nalijua shamba letu. Najua nafasi iliyobaki ni ipi. Najua umemkatalia mwanao mwenyewe pale, kwa ajili ya mtu ambaye amekuwa akikuandikia kila Krismasi kwamba labda mwakani. Hilo ni kosa langu. "Labda mwakani" niliyoiandika kwa kukuonea huruma imemfanya kijana akose mahali pa kujenga. Nimekata tena tawi la mtu nikidhani natenda wema.

Kwa hiyo nakujibu wazi, kama ulivyonistahi kwa kuniuliza. Sina hasira na mtu yeyote wa huko. Woga niliokuwa nao uliisha zamani, na kama ungekuwa umebaki, habari za mama yake Chepchumba na jembe lake zingeumaliza. Naikosa baridi ya asubuhi chini ya mlima. Naikosa harufu ya jiko baada ya mvua, na namkosa mtu wa kutaniana naye kwa lugha yetu bila kufikiri kwanza. Nikija kuishi huko, nitakuwa mzee anayewaonyesha watu mahali vitu vilipokuwa. Huku najua vilipo. Mimi na Atabo hatukujaliwa mtoto, nyumba yetu ni vyumba viwili na ina kivuli, na mwezi wa tano nikiwa hai kuna mtu atapiga simu kunihimiza juu ya ndege.

Pamoja na hii utakuta barua fupi ya pili, nimeitia sahihi mbele ya chifu hapa, kwamba sehemu yangu yote ni yako, Rael, kwa jina lako wewe, uigawe kama moyo wako utakavyo. Mpe mpimaji. Nimeiandika mara mbili, nakala moja iko kwangu, maana mchwa wa huku wanajua kusoma na wa huko pia.

Nisalimie Levis, na umwambie mjomba wake amependezwa na tai yake ila aifunge vizuri. Nisalimie Chepchumba na mama yake. Msalimie Shangazi Nabwire kama bado anamtambua mtu, na wote wa upande wa kanisa la chini. Atabo anakusalimu sana, anasema umletee siri ya unga ule wa wimbi. Nangiro naye anakusalimu, nilimsomea sehemu ya barua yako kwa simu. Aliuliza ni trekta la aina gani.

Mungu aliyekupa miguu ya kusimama pale miaka yote hiyo akupe sasa kiti cha kukalia. Awabariki watoto, chumba chao kisikose moto wala maji, na mforosadi uwape zaidi ya mnachoweza kupika.

Mwezi wa nane nitakuja harusini, Mungu akinijalia, mimi na Atabo, kwa siku tatu. Mtuweke kwenye viti vya wageni, tutafurahi hapo. Na mwambie Levis aanze kuchimba. Yale mawe ya msingi ayatumie, ni mawe mazuri, niliyabeba mtoni mwenyewe. Trekta lisizunguke tena. Mimi sitarudi.

Akupendaye tangu ulipokuwa ukifukuza kuku,
kaka yako,

Josiah Wekesa